Siku Niliyolifuta Neno Boila

Aibu niliipata, sikatai, na walioniona nikisukumwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya ukumbi wa hoteli, miguu yangu yote miwili ikiwa mizima, bado wapo Deira na bado wakinikuta wananiuliza, "Dada, imeshuka?" Lakini kama mnangoja niombe radhi kwa yote yaliyofuata, mtangoja sana. Nilikosea neno moja tu, tena sikulisema vibaya, nililifuta, na mengine yote niliyoyafanya wiki ile nayasimamia mpaka leo.

Mimi ni Zuhura, wa Malindi, nina shahada ya uhandisi wa mitambo, na kazi yangu ni kupokea wageni kwenye hoteli moja ya Al Rigga, hapa Dubai (usinihurumie, wahandisi wa kwetu wanaofungulia watu milango huku ni wengi kuliko unavyodhani). Siku zangu za mapumziko nilikuwa nazimalizia kwenye karakana ya Ami Saleh, nyuma ya maduka ya jumla pale Deira. Si ami yangu wa damu, ni Mzanzibari ambaye familia yake iko huku siku nyingi, anatengeneza viyoyozi, na kwa kuwa kiyoyozi ukikivua nguo ni mabomba ya shaba yaliyolehemiwa kwa vijiti vya fedha, karakana yake ilikuwa na kila kitu anachohitaji mtu mwenye wazimu kama wangu. Wazimu wenyewe ni huu: nilitengeneza boila. Si boila ya kufulia mashuka ya hoteli, hapana, ni boila ndogo ya mfano, shaba tupu, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, unaijaza maji, unawasha moto chini yake, mvuke unatoka na kuzungusha injini inayoenea kiganjani. Kwa macho ya mtu ni kitu cha kuchezea, ila mvuke wenyewe hauna habari kwamba unachezewa, ukipata mahali dhaifu unatoka na mahali penyewe.

Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya watu wanaopenda mashine ndogondogo, na nilikuwa nimeshapewa meza. Sharti lao lilikuwa moja na nililipenda tangu nilipolisoma: boila ambayo haijakaguliwa na mtu huru haiwashwi. Inakaa mezani baridi, kama chombo cha maua. Na mimi sikuwa nimeunguza vidole vyangu vyote ili nionyeshe chombo cha maua. Watu wa kampuni za mitambo hupita kwenye maonyesho yale, nami nilitaka wanikute nimesimama kando ya kitu changu kinachopumua, si nyuma ya kaunta nawapa funguo za vyumba nikiwaita sir na madam.

Mkaguzi wa chama chenyewe alikuwa amesafiri, wakaniambia nitafute wangu mwenye cheti, mradi asiwe mtu wangu. Ami Saleh aliposikia akafuta mikono kwenye kanzu yake ya kazi.

"Mwanangu, wahangaika na nini? Mimi nalehemu shaba tangu wewe hujazaliwa. Boila hii nzima. Lete karatasi nikuandikie, khalas."

"Ami, wewe ndiye uliyenishikia moto nilipokuwa nalehemu. Utajikaguaje?"

"Kwani mimi mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema umo ndani."

"Huko chuo kikuu ndiko walikokufunza kutoamini watu?"

"Ndiko, Ami. Tulikaa miaka yote ile tunasomea hilo."

Alinuna mpaka chai ikapoa, na mimi sikurudi nyuma, kwa sababu najua jinsi mkono wa mtu unavyompenda mtu mwenyewe. Kitu ulichokitengeneza hukioni, unaona kile ulichokusudia kukitengeneza. Kama mtu akijikagua ndiyo basi, sisi sote tungekuwa wazima, waaminifu na wapishi hodari.

Sasa njooni kwenye lile neno. Usiku wa Jumanne niko kitandani, kitanda cha juu, kwenye fleti yetu ya International City ambamo tunaishi wasichana sita, nikaamua kuuliza kwenye lile kundi la simu la Waswahili wa Dubai, ambamo wamo Wakenya, Watanzania, Waganda, kila mtu. Niliwaza kwamba hoteli zote hizi zina boila za kufulia, na boila za kufulia hukaguliwa na watu, na haiwezekani pasiwe na wa kwetu hata mmoja. Nikaandika ujumbe wangu, nikaandika na neno boila. Halafu nikaliangalia. Mara ya mwisho nilipolitaja neno hilo kwenye kundi, nilipokuwa natafuta kipande cha bomba, walinicheka siku mbili, mara inapika maharage, mara nitaolewa nayo, mara kuna bwana aliyetaka kujua kama inatoa kahawa. Nikasema, hawa sina nguvu za kuwaelezea tena, anayejua atajua. Nikalifuta. Kilichobaki, ambacho nilikituma kisha nikalala usingizi wa mtu mwenye akili, kilisomeka hivi:

"Habari zenu. Natafuta haraka mtu mwenye cheti cha kupima presha. Asiwe ndugu yangu wala rafiki, maana mtu hajipimi mwenyewe. Kawaida ni 80, lakini kwenye kupima itapanda mpaka 160 na lazima ikae hapo bila kushuka. Chini palikuwa panavuja kidogo, nimeshaziba. Ami Saleh anasema hakuna tatizo, simwamini. Kama ni kupasuka, bora ipasuke mbele ya shahidi. Mwisho Ijumaa."

Sasa wewe usome kama mtu asiyejua habari za boila. Ndiyo. Hivyo hivyo.

Asubuhi niliingia kazini, na kwetu simu zinafungiwa kabatini, kwa hiyo dunia ilikuwa inawaka nami sina habari. Nilikuwa napokea kundi zima la watalii waliotoka uwanja wa ndege, wamejipanga na mabegi yao, mimi nagawa funguo, ndipo nikamwona Kassim, mbeba mizigo wetu, kijana wa Mombasa ambaye naye yumo kwenye kundi, anamnong'oneza msimamizi wetu huku akinioneshea kidevu. Msimamizi, tunayemwita Madam, akaja mbio. Akaniondoa mikono kwenye kompyuta taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Zuhura, kaa chini. Usiongee. Pumua."

"Madam, niko sawa."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote."

Nikageuka kumtafuta Kassim anifafanulie, Kassim anakuja na kile kiti cha magurudumu cha wageni wazee. "Kaa, dada," akaniambia, macho yamemlegea kwa huruma. "Mia na sitini si mchezo. Shangazi yangu alianguka na mia na hamsini."

"Mia na sitini ya nini?"

"Ya kwako."

Nikabisha, na kadiri nilivyobisha ndivyo sauti ilivyopanda, na kadiri sauti ilivyopanda ndivyo walivyozidi kuamini, mpaka mzee mmoja wa wale watalii akanipisha njia na kuvua kofia. Nikasukumwa kwenye marumaru yale, nikapita mbele ya safu nzima, nikapita mbele ya duka la manukato, watu wakinipungia mkono, na (hili ndilo linaloniuma) na mimi nikawapungia, kwa sababu sikujua mtu anayesukumwa afanye nini na mikono yake. Madam akanipa mapumziko mpaka Jumapili. Nilipofungua kabati nikatoa simu, ilikuwa ya moto.

Pole zilikuwa hazihesabiki. Kuna walioniambia niache chumvi, kuna walioniambia nitafune vitunguu saumu vibichi, kuna mchungaji wa Kiganda aliyeniombea kwa sauti iliyorekodiwa mpaka mwisho wa pumzi yake, kuna dada aliyeuliza kwa heshima kabisa kuhusu pale chini panapovuja, kwamba nimeziba kwa kitu gani na nani alinishauri. Juu ya hayo yote, simu za mama zisizopokelewa. Mama yangu alikuwa ameshapigiwa na Nakato, mwenzangu wa chumba, mlinzi kwenye jengo la ofisi, Mganda mwenye moyo mkubwa kuliko masikio.

"Nakato, kwa nini ulimpigia mama?"

"Mimi nikaona mia na sitini, nikaona 'ipasuke', nikasema huyu mtu anaaga sisi. Na wewe unatengeneza ile kitu usiku na mchana, haulali. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza!"

"Ulikuwa kazini. Na ungekataa. Wewe unakatalia kila kitu."

Nikampigia mama. Nyuma yake nikasikia watu wengi wanasoma dua, na baada ya dua vijiko vinagonga sahani. Nilikuwa nimefanyiwa kisomo, nyumbani kwetu Malindi, mimi niliye hai, na pilau ikaliwa kwa ajili yangu na majirani ambao tangu utotoni hawakuwahi kunipenda. "Mama, si mimi, ni boila," nikamwambia. Nikamsikia akimwambia shangazi, "Anaitaja ile sufuria yake. Imeshampanda kichwani."

Nikaandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa: JAMANI SI MIMI, NI BOILA. Jibu la kwanza: "Presha ikizidi, mtu huanza kuweweseka hivyo hivyo. Asiachwe peke yake." Likapata mioyo mingi.

Nilikaa kitandani nikazisoma zile pole zote tangu ya kwanza, si kwa upendo, nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kugombana naye, na ndipo katikati ya vitunguu saumu na aya nikakuta ujumbe mfupi kutoka kwa mtu nisiyemjua, ulioingia usiku ule ule dakika chache baada ya wangu: "Ni lita ngapi? Shaba ama chuma? Otieno." Nilipiga kelele mpaka Nakato akashika kifua. Mtu mmoja katika kundi zima alikuwa ameona themanini na mia na sitini akajua ni nini: boila mpya hujazwa maji baridi, ikapandishwa mara mbili ya presha itakayofanyia kazi, ikaachwa hapo, na mkaguzi akasimama anaangalia. Maji hayana fujo kama mvuke, pakiwa na ufa yanadondoka tu. Bwana Otieno alikuwa anakagua boila za nguo za hoteli. Hakuwa ndugu yangu, hakuwa rafiki yangu, wala hakuniambia pole. Ijumaa baada ya sala, akasema, karakana ya Deira.

Kosa la pili (haya, ni mawili) ni kwamba Nakato aliiona hiyo anwani.

Ijumaa nilipofika, karakana ya Ami Saleh ilikuwa na watu mpaka barabarani. Walikuja na uji kwenye chupa za chai, na ndimu, na juisi ya rozela, na Kassim alikuja na kile kiti cha hoteli (nashangaa mpaka leo alikipitishaje kwenye metro). Dada Neema, nesi wa Mwanza anayefanya kazi kliniki, alikuwa ameketi, mkanda wake wa kupimia presha uko mapajani. Ami Saleh alikuwa ameshasahau kununa, anagawa viti.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza Dada Neema.

"Huyo hapo mezani," nikasema.

Wote wakageuka wakaitazama boila yangu, inang'aa juu ya benchi, mdogo wao asiye na kosa. Halafu sauti nyuma ikasema, "Yaani tumefunga na kuomba kwa ajili ya kopo?"

Walicheka mpaka wengine wakakalia mabomba. Nami nikasimama mbele yao nikasema maneno ambayo sikuyapanga: "Chekeni. Mmekuja kuona presha inapimwa na mtu asiye ndugu, na hiyo ndiyo mtakayoiona. Anayetaka uji anywe, anayetaka kuondoka mlango ule." Hakuondoka mtu. Uji ulikuwa mwingi.

Bwana Otieno akaingia, mrefu, mkimya, akanisalimu kama mtu anayesalimia kaunta. Akatoa mfukoni geji yake mwenyewe ya kupimia presha. "Yako sitaki kuiangalia. Ni yako," akasema, na mimi nikampenda kwa neno hilo moja zaidi ya nilivyowapenda wanaume wengine niliowahi kuwapenda. Akajaza maji, akaziba matundu yote, akaanza kupampu kwa mkono, na watu wakawa wanasoma mshale kwa sauti kama wanahesabu mabao. Themanini! Mia! Mia na ishirini! Ami Saleh alikuwa ameshika tasbihi. Mia na sitini! Wakapiga makofi.

Mshale ukatulia. Halafu, polepole, kama mtu anayetoka kwenye mkutano asitake kuonekana, ukaanza kushuka.

Otieno akainama na tochi. Akapitisha kidole chini ya boila, akakiinua. Kilikuwa na tone.

"Kiungo cha chini," akasema.

"Si ulituandikia umeziba chini?" akauliza yule dada mwenye heshima wa kwenye kundi. Kumbe alikuja.

Hapo ndipo mambo yakageuka kabisa, kwa sababu watu wale walikuwa wamenipikia, wameniombea, wengine wametoka Sharjah, na hawakuwa tayari kuona mgonjwa wao anakataliwa. Wakamzunguka Otieno.

"Injinia, tone moja tu, jamani."

"Maonyesho ni kesho, kaka. Mwandikie tu."

"Bana, huyu ni dada yetu. Wewe pia ni mtu wa kwetu."

Ami Saleh akaja na taarabu yake yote: "Bwana, tone si mvujo. Tone ni jasho. Hata mimi nimetoka jasho hapa."

Otieno alinyoosha mgongo. Alinitazama mimi. Na nawaambia ukweli, tone lile lilikuwa dogo, na meza yangu ilikuwa inaningoja, na nilishawaona kichwani wale watu wa mitambo wakisimama mbele ya injini yangu inazunguka. Ningenyamaza tu, wangemlainisha. Nilikuwa na watu arobaini wanaosema ninachotaka kusikia.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Hakuna kunipitishia kwa huruma! Kama ni huruma nilitaka, Ami Saleh angeniandikia Jumanne! Bwana Otieno, andika haijapita."

"Na dada analia," akasema Nakato.

"Silii!"

"Andika analia pia."

Nilikuwa nalia. Nikajikuta nimekaa kwenye kile kiti cha Kassim, kwa hiari yangu safari hii, na Dada Neema, ambaye hakutaka kurudi nyumbani bila kupima mtu, ameshanifunga mkanda mkononi. Akapampu, akasikiliza, akatazama mshale wangu, akatazama mshale wa boila uliokuwa umelala.

"Ya boila imeshuka," akatangaza. "Yako ndiyo haishuki."

Jumamosi nilikwenda kwenye maonyesho na boila yangu baridi. Niliiweka mezani, mbele yake nikaweka ile karatasi ya Otieno yenye neno moja kubwa, na kila aliyeuliza kwa nini haiwaki nilimwambia kwa sababu haijapita, na mkaguzi hanijui, ndiyo maana namwamini. Wapo waliocheka wakaenda. Meza ya jirani ilikuwa inatoa mvuke siku nzima; nikamuuliza mwenyewe nani aliikagua, akasema shemeji yake, nikasogeza kiti changu upande wa pili. Mwanamke mmoja wa kampuni ya mitambo alisimama mbele ya karatasi yangu muda mrefu, akapiga picha ya karatasi, si ya boila, akaondoka. Sijasikia kutoka kwake. Pengine sitasikia. Sijutii.

Tulilehemu upya kile kiungo, mimi na Ami Saleh, naye hakusema tena habari ya kuniandikia. Otieno akarudi, na watu nao wakarudi bila kualikwa, na uji wao, kwa maana walishakuwa jamaa wa mgonjwa. Mshale ulipanda mia na sitini ukakaa pale pale, tukamwangalia Otieno, Otieno akaangalia saa, akaangalia mshale, akapitisha kidole chini. Kikatoka kikavu. Akamwonyesha kila mtu kidole chake, kuanzia yule dada. Siku nyingine tukaiwasha moto mbele yake, vali ya usalama ikafunguka kwa mlio pale pale ilipotakiwa, Nakato akajificha nyuma ya friji, na ndiyo kwanza Otieno akatabasamu. Sasa ina cheti.

Kwa hiyo naapa mbele yenu: neno boila sitalifuta tena kamwe, hata mkinicheka mpaka mkalie mabomba. Hilo tu. Kuhusu kuuliza nani amepima na ni nani wako, nitauliza mpaka nife.

Ila kuna mtu mmoja ambaye sijaweza kumshinda. Nilimpigia mama nikamwambia kila kitu, kisomo kile kilikuwa cha bure, mimi mzima, sina presha wala sijawahi kuwa nayo.

"Nani kasema?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Wewe ndiye uliyeandika mtu hajipimi mwenyewe. Nakato alinisomea."

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, nakwenda kwa Dada Neema naketi, nafungwa mkanda, na matokeo anamtumia mama yeye mwenyewe kwa sauti yake, mimi siruhusiwi hata kuishika simu.